Neno la Kumi

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na Owino alijidunga mwenyewe, tena Jumatano mchana kweupe. Wenzake wa kiwandani Nakuru walisimamisha gari Kikopey, penye vibanda vya nyama choma, kusherehekea kupandishwa cheo kwa bosi wao. Mbavu za mbuzi zikaja zikichuruzika mafuta, naye akavua kofia yake ndogo ya Kiyahudi, akaitia mfukoni, akala. Mbuzi huyo hakuwa amechinjwa na mchinjaji wa Kiyahudi, na Myahudi hali nyama kama hiyo. Alipoinua macho alimwona Mzee Njuguna ng'ambo ya barabara, kando ya lori la viazi. Wakatazamana, kisha mzee akapanda lori akaenda zake.

Sasa ilikuwa Jumapili asubuhi, na Owino alikuwa akipanda kilima cha Dundori. Majirani walielekea kanisani. Yeye alielekea sinagogi la mbao la Wayahudi wachache wa pale. Mzee Njuguna, kiongozi wao wa sala, alikuwa akitimiza mwaka tangu mkewe afariki, na sala ya kumkumbuka haisomwi bila wanaume kumi Wayahudi. Walikuwa kumi kamili, Owino akiwamo.

Lakini alikuwamo kweli? Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Miezi minane tu ilikuwa imepita tangu asimame mbele ya waamuzi watatu wa dini, akajitosa majini, akatoka Myahudi. Mama yake, Mercyline, alikuwa amemcheka: "Umehama kwetu, na kwao hujafika." Mzee akimruka leo katika kuhesabu, maneno ya mama yatakuwa kweli mbele ya kila mtu. Asipomruka, marehemu ataombewa na watu tisa na mwongo mmoja. Owino aliogopa yote mawili.

Wayahudi hawahesabu watu kwa namba. Mzee Njuguna alitumia mstari wa Zaburi wenye maneno kumi ya Kiebrania, kila mtu na neno lake, akianza na yeye mwenyewe. La nane lilimwangukia Sitati, la tisa Kipsang. Kidole kilipogeukia kwake, Owino alirudi nyuma hatua mbili.

"Usinihesabu, mzee," alisema. "Jumatano, pale Kikopey..."

"Nilikuona."

"Nilikula."

"Nilikuona ukikula. Na Alhamisi nikakupigia simu nikakuambia Jumapili usichelewe. Ama ulidhani macho yangu imeharibika?"

Kipsang alitaka kucheka, akajifanya anakohoa.

"Kwa hivyo mimi bado ni Myahudi?"

"Ulizaliwa siku ile ulitoka kwa maji. Mtoto akikosea anachapwa, harudishwi tumboni." Mzee alishusha kidole. "Mimi pia nilitoka kwa maji, Owino."

Owino hakuwahi kujua. Wenyeji wa sinagogi walijua, ila kwao ni mwiko kumkumbusha mtu alikotoka.

"Mwaka wangu wa kwanza," mzee aliendelea, "Pasaka, siku hatuguzi unga imefura wala chapati, mama watoto, huyu tunamwombea leo, alinipata nyuma ya zizi na chapati mbili. Alininunia wiki mzima. Lakini jioni hiyo hiyo wakakosa mtu wa kumi, na ni yeye alinisukuma hapa ndani. Sasa wewe unataka nikose kumwombea leo juu ya mbuzi?"

Owino alirudi kwenye nafasi yake. Kidole kikainuka tena, na neno la kumi likamwangukia.

Mzee Njuguna akaanza sala ya mkewe. Katikati sauti ikamkatika, na wa kwanza kuitikia amina, kwa nguvu, alikuwa Owino.