Sentensi ya Kwanza ya Clive Bloor

Sebule ya akina Bloor ilikuwa na baridi hata mkaguzi hakuvua koti. Hita ya umeme ilikuwepo chini ya dirisha, lakini Noreen alikuwa ameiwasha muda mfupi tu kabla mgeni hajabisha hodi, na mgeni akishatoka ingezimwa. Mumewe, Clive, alikaa kwenye kiti cha kuegemea na blanketi magotini, mkono wa kulia umelala juu ya blanketi kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa kumshikia. Kabla ya kiharusi alikuwa mtu wa tanuri katika kiwanda cha vyombo vya udongo. Nusu ya maisha yake aliitumia kupanga vikombe na sahani motoni, na mji mzima ulikuwa umekunywa chai katika vyombo vilivyopita mikononi mwake. Sasa hata neno chai lilimshinda.

Rosalind Machin alikaa kwenye kistuli karibu na mlango, gitaa likiwa kwenye mfuko wake kando ya miguu. Noreen ndiye aliyemwomba aje. Alimwambia kwenye simu kwamba yeye akiwaona tu watu wa ofisi huwa analia au anatukana, na vyote viwili havisaidii.

Mkaguzi wa posho ya ulemavu alikuwa mwanamke mwenye adabu. Hilo ndilo Rosalind alilokuja kushindwa kulisamehe. Angekuwa jeuri, wangejua kwamba wako vitani. Lakini aliisifu picha ya wajukuu ukutani, akaikataa chai kwa kuomba radhi, akafungua kompyuta mapajani, akamgeukia Clive na kumuuliza kwa sauti ya upole anajisikiaje leo.

Clive akavuta pumzi. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kikaanza kugonga paja taratibu, kama alivyofundishwa. Kisha sauti yake nzito ikatoka, ikapanda kidogo, ikashuka.

"Niko sawa, asante."

Ilikuwa nusu maneno, nusu wimbo. Mkaguzi akatabasamu, akaandika. Akauliza kama anaweza kujipikia chakula chepesi.

"Niko sawa, asante."

Na kuoga je? Anaingia na kutoka bafuni bila msaada?

Kidole kikagonga paja. "Niko sawa, asante."

"Hilo si jibu," Noreen akaingilia. "Ndicho kitu pekee anachoweza kusema. Mwambie nyumba inaungua, atakujibu hivyo hivyo."

Mkaguzi akamweleza, bila kupandisha sauti, kwamba utaratibu unamtaka amsikilize mhusika mwenyewe. Zamani watu wenye ulemavu walikuwa wakisemewa na ndugu zao, akasema, na tumeshatoka huko. Ungembishiaje mtu anayesema jambo la haki namna hiyo?

Kisha mkaguzi akamtazama Rosalind. "Na wewe ni ndugu?"

"Hapana. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya muziki."

"Umesajiliwa?"

Hapa lazima Rosalind aeleweke, hata kama hastahili kuhurumiwa. Katika nchi ile hakuna mtu anayeruhusiwa kujiita jina hilo kwa kujitakia tu. Sheria imelifungia kwenye sajili ya wataalamu wa afya, pamoja na watu wa fiziotherapia na wapiga picha za eksirei, na anayelitumia bila kusajiliwa anashitakiwa. Rosalind alilisomea, akalifanyia kazi, akalilipia kila lilipohitaji kulipiwa upya. Na bado wodini aliitwa dada wa gitaa. Wauguzi walimwita aje kuimba wakati wa keki za siku ya kuzaliwa. Daktari mmoja alimuuliza, kwa nia njema kabisa, kama huwa anapiga harusini. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza kama amesajiliwa, maana hakuna aliyefikiri kuna cha kusajili.

"Nimesajiliwa," alisema, na namba yake akaitaja kwa kichwa.

Mkaguzi akaiandika. Akageuza kiti kidogo ili amwelekee vizuri. "Basi nisaidie kitaalamu. Haya maneno ni yake kweli, au anakariri tu kama kasuku?"

Neno hilo kasuku lilimchoma. Alikuwa amelisikia kwa madaktari, kwa wahasibu wa hospitali, hata kwa baba yake mzazi mezani siku ya Krismasi.

"Si kasuku," akasema. "Maneno ni yake. Anajua amesemeshwa, na anajibu kwa kukusudia. Hiyo ni kazi ya ubongo wake, si ya gitaa langu."

Kila neno lilikuwa la kweli. Vidole vya mkaguzi vikakimbia juu ya kompyuta, na Rosalind akaona raha ya mtu ambaye hatimaye anaandikwa. Alipoombwa ripoti yake aliitoa mwenyewe kwenye mkoba, imebanwa vizuri, jina na cheo chini. Ilikuwa imeandikwa kwamba mgonjwa ameweza kutamka sentensi kamili inayoeleweka katika mazungumzo ya kijamii, bila kusaidiwa. Noreen alikuwa anamtazama kutoka upande wa pili wa chumba.

Usiku ule Rosalind hakulala vizuri, na sababu yake haikuwa mkaguzi. Ilikuwa sentensi yenyewe.

Mtu wa kiharusi aliyepoteza usemi mara nyingi bado anaweza kuimba, kwa sababu wimbo umehifadhiwa upande mwingine wa ubongo. Kazi ya Rosalind ilikuwa kuyapitisha maneno kwenye mlango huo wa nyuma: noti mbili, mapigo ya mkono, sentensi fupi, wiki baada ya wiki mpaka itoke yenyewe. Sentensi ya kwanza huchaguliwa kwa uangalifu, maana huwa inang'ang'ania na kuzitangulia zote zinazofuata. Noreen alikuwa ameomba "nisaidie." Rosalind naye mwanzoni alitaka hiyo hiyo.

Lakini kikao cha bajeti kilikuwa karibu, na mkuu wake, Judith Keeling, alihitaji video fupi ya mgonjwa akizungumza. Idara ilishapunguzwa mara mbili. Rosalind ndiye aliyebaki. Akamwazia Clive akiwaimbia wakubwa "nisaidie" kwenye skrini kubwa, akaona jinsi watakavyojikuna. Pale mjini ukimuuliza mtu hali yake atakwambia yuko sawa, asante, hata kama mguu wake uko chini ya tairi la lori. Ni adabu tu, na mtu asiyeweza kuitoa watu humkwepa. Rosalind akajiambia kwamba anamrudishia Clive heshima yake mtaani. Siku sentensi ilipotoka Clive alilia, na Noreen alikwenda mlango kwa mlango kuwapa majirani habari. Wakubwa wakaitazama video, wakapiga makofi. Nafasi ya Rosalind ikabaki.

Sasa alilala chali akijua alichokuwa amechagua, na kwa ajili ya nani.

Posho ilikatwa kabla majira ya baridi hayajaisha. Uamuzi ulisema kwamba Clive Bloor anawasiliana kwa sentensi bila msaada, kama ilivyothibitishwa na mtaalamu wa afya aliyesajiliwa. Ya kwake ilipokwenda, ya Noreen ya kumuuguza ikaenda nayo, kwa kuwa zilikuwa zimefungwa kamba moja. Noreen akapata kazi ya kupanga vifurushi kwenye ghala nje ya mji, zamu ya usiku, kwa sababu za mchana zilikuwa zimejaa.

Alikuja kumtafuta Rosalind wodini akiwa bado na fulana ya kung'aa ya ghalani. Hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Alisimulia kwa kifupi kwamba Clive alianguka jikoni na kulala kwenye vigae mpaka yeye alipotoka kazini.

"Jirani amemsikia ukutani usiku kucha," alisema. "Nimemuuliza kwa nini hakuja. Anasema, 'Noreen, alikuwa anaimba. Anaimba kwamba yuko sawa. Nikafurahi jamani, mzee leo amechangamka.'"

Rosalind alitaka kumshika mkono. Noreen akauingiza mfukoni.

"Sikuja kukugombeza, kipenzi. Nimekata rufaa. Nataka uwaandikie ukweli."

Siku hiyo hiyo Rosalind alikwenda kwa Keeling. Keeling alikuwa anakula chapati ya oti yenye jibini juu ya karatasi zake, maana muda wa chakula hakuwa nao. Hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta vidole.

"Kwa hiyo unataka kuandika kwamba hakupata nafuu."

"Nataka kuandika kwamba ni sentensi moja tu, Judith. Hana nyingine."

"Ripoti yako inasema moja tu?"

Ripoti haikusema. Ilisema "sentensi kamili," kwa sababu ndivyo ilivyopendeza zaidi.

"Andika," Keeling akasema. "Sikuzuii. Ila usijipinge. Ukijipinga, wa kwanza kuitwa na bodi ya usajili ni wewe, na mimi siku inayofuata nitaulizwa kwa nini namlipa mtu ambaye maneno yake yana pande mbili. Clive ni mmoja, Roz. Nyuma yake kuna foleni nzima ambayo bila wewe haitapata hata hiyo sentensi moja."

Ndivyo ilivyo huko. Daima kuna foleni. Rosalind akaandika barua ambayo haikujipinga. Ilifafanua, ikatahadharisha, ikapendekeza. Alipoisoma mara ya pili aliona aibu, akaituma. Jibu la ofisi ya posho lilikuja haraka kuliko kawaida. Lilimshukuru, likasema kwamba ripoti ya awali iliandikwa kabla ya mgogoro kuanza, hivyo ndiyo itakayopewa uzito.

Pamoja na hayo, Clive aliondolewa kwenye huduma. Malengo yake yalikuwa yametimia. Katika kazi ya Rosalind kuagana kuna utaratibu wake. Huwezi kumzoeza mtu sauti yako kisha ukatoweka. Unamwandaa polepole, kila kikao kinapunguza kidogo, mpaka mlango unafungwa bila kishindo. Kwa Clive alipewa kikao kimoja.

Siku hiyo Noreen alifungua mlango kabla Rosalind hajabisha. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Gitaa liache kwenye gari."

Rosalind akalirudisha. Alipoingia ndani, hita ilikuwa imezimwa, na redio iliyokuwa juu ya kabati haikuwepo. Clive alimwona, uso wake ukachangamka upande mmoja, ule ulio hai.

Noreen alisimama dirishani akaeleza bila kugeuka. Baraza la rufaa linakaa wiki ijayo. Ni watu watatu, mmoja wao daktari, na wote watakuwa wastaarabu. Wataingia, watavuta viti, na kabla ya jambo lolote watamsalimia Clive na kumuuliza hali yake.

"Nimemkataza," alisema. "Nimemwomba. Juzi nimemziba mdomo kwa kiganja, Mungu anisamehe, na bado inatoka. Wewe ndiye uliyeiingiza. Leo nitolee."

"Noreen, ndicho kitu pekee alicho nacho."

"Najua alicho nacho. Mimi ndiye ninayemkuta sakafuni."

Rosalind akatafuta kichwani kanuni ya kazi yake inayosema jambo kuhusu hili. Zilikuwepo za kulinda faragha, za kutopokea zawadi, za kutodai cheo ambacho huna. Hii haikuwepo. Akavuta kistuli, akakaa mbele ya Clive, magoti yao yakikaribia kugusana.

Namna ya kufanya alikuwa anaijua vizuri mno. Sentensi ilikuwa imefungwa kwenye mapigo ya kidole gumba. Ukiyavunja mapigo, wimbo haupati pa kushika. Ni yale yale aliyoyasomea, yakienda kinyumenyume.

"Unajisikiaje leo, Clive?"

Clive akavuta pumzi. Kidole kikainuka. Rosalind akaweka kiganja chake juu yake, akakibana pajani, akatikisa kichwa. Sauti ikatoka nusu, ikakatika. Clive akautazama mkono ule uliomshika, kisha akamtazama yeye, bila kuelewa. Kwa mwaka mzima mkono huo ulikuwa ukimwinulia kidole.

Akamuuliza tena. Akambana tena. Safari hii alijigusa mdomo wake mwenyewe kwa vidole viwili, akaubana, ili Clive aone jinsi ya kufanya. Clive alikuwa mwanafunzi mzuri siku zote. Ilichukua muda mfupi kuliko sentensi yenyewe ilivyochukua, mfupi mno, na kila aliporudia Rosalind alihisi kidole kikilegea chini ya kiganja chake, mpaka hakikuhitaji tena kushikwa.

Akaondoa mkono.

"Unajisikiaje leo, Clive?"

Midomo ya Clive ikatetemeka, ikajifunga. Akakaa kimya, mate yakimtoka upande wa kulia, akiwa amemkazia macho Rosalind na kusubiri aambiwe kama amepatia.

"Hapo umepatia," Rosalind akasema.

Noreen alikuwa bado anatazama nje, mtaani, ambako hapakuwa na mtu.

"Tena," alisema.

Rosalind akasogeza kistuli, akamuuliza tena.