Simiti Kabla ya Mvua

Mawingu yalipoanza kukusanyika, chakula kilinishinda. Mimi ndiye niliyewaita wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, waache kuandaa mashamba yao waje kuchimba mchanga wa mto hapa karibu na soko la Tulia. Wakachimba mtaro mpaka kwenye mwamba. Hapo ndipo ukuta ungejengwa, mchanga ujae nyuma yake ukihifadhi maji ya mvua ndani, nasi tuyachote kiangazi chote. Kilichobaki ni simiti tu, na mto wetu, mkavu hadi mvua inyeshe, ukishuka na mafuriko haumngoji mtu.

Simiti ilikuwa ahadi ya Nzomo, naibu wa chifu. Mwaka huo wa 1992 alituambia barazani kwamba serikali imekwenda mkutanoni Brazili kuahidi dunia nzima kuwa itapambana na ukame, na bajeti ya Juni haitatusahau. Nami, mjinga mwenye mdomo, nikaona ahadi iliyotolewa mbele ya dunia haiwezi kuvunjwa. Nikaita watu. Kwetu mwethya haiitwi ovyo. Ukipoteza jasho la wenzako, siku ya haja yako utalima peke yako.

Juni ikapita, Septemba nayo ikapita. Kila nilipomwendea Nzomo aliniambia niwe na subira. Subira huvuta heri, sawa, lakini haivuti simiti.

Mwisho wa Oktoba, ngurumo zikisikika milimani, tukasikia lori. Wanawake walikuwa chini mtaroni wakitoa mchanga uliobomoka. Wakapiga vigelegele. Nikakimbia kulilaki.

Lilikuwa limejaa miche ya miti. Mwangangi, kijana mpole wa ofisi ya wilaya, akashuka akitabasamu. Nikamuuliza simiti iko wapi.

"Mama, simiti haikuwekwa kwa bajeti," akasema. "Ile ahadi ya Brazili iliwekwa chini ya mazingira, na mazingira ni miti. Pesa yote imeenda kwa hii miche. Nyinyi mtamwagilia maji."

"Maji gani?"

Akautazama mtaro. Nilimhurumia, na papo hapo nilitamani kumzaba kofi.

Ndipo nikausikia mto ukivuma huko juu. Nikarudi mbio nikiwapigia kelele watoke. Kwanza walinitazama mikononi, kana kwamba ningebeba simiti mwenyewe, kisha wakasikia nao. Kalunde, mkubwa wetu kwa umri, alitoka wa mwisho, tukimvuta kwa mikono. Maji mekundu yakapita na matawi na matope.

Asubuhi mtaro haukuwepo. Mchanga ulikuwa umelala sawasawa toka ukingo hadi ukingo, kama mahali pasipowahi kuguswa na jembe. Nilimkuta Kalunde amesimama hapo. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini akanitangulia.

"Kaluki, utatuita tena?" akaniuliza.

Nikasema sijui kama kuna atakayekuja.

"Tutakuja," akasema. "Lakini utuite siku simiti imeshalala kwako nyumbani."