Jozi Nyekundu ya Kisesa

Maige alikuwa akiosha kiatu chekundu cha mchuchumio kwenye karai wakati madaktari watatu wa Kizungu walipobisha hodi. Walikuwa wamekufa miaka mingi kabla mitumba haijaruhusiwa nchini, lakini habari za Maige ziliwafikia, wakaja Kisesa kwa miguu. Aliwatolea viti uani.

Kila belo la mitumba alilofungua sokoni Mwanza, Maige aliuza viatu vya kiume. Vya kike vyenye visigino virefu alivileta nyumbani, akavisugua, akavipanga chini ya kitanda. Akilala, alivielekea hivyo na kumpa mkewe mgongo. Tereza mwenyewe alitembea pekupeku. Jumamosi mdogo wake alikuwa anaolewa Magu, na Tereza aliomba jozi moja tu ya kuvaa harusini. Maige alisema atafikiri.

Wafu hawana haraka, kwa hiyo waliijadili tamaa yake hadi taa ikawashwa. Wa kwanza alishikilia kwamba hali hiyo hurithiwa, damu ya ukoo ikishachoka. Wa pili alisema ni ajali tu: hamu ilimkuta mtu akitazama kiatu, vikagandana. Wa tatu alisema mwanamume wa namna hiyo anaogopa wanawake, maana kiatu hakimuulizi kitu. Maige aliwakubalia wote. Kila nadharia ilimpunguzia lawama.

Tereza alileta chai, akapiga magoti kuwaamkia kama alivyolelewa.

"Shikamooni."

Nyayo zake zikaelekea taa. Zilikuwa zimepasuka, na ufa mmoja ulikuwa na damu mbichi. Waliitikia marahaba. Maige aliona aibu, akaweka kikombe chini. Alijua namba ya kila kiatu kilicho chini ya kitanda. Ya mguu wa mkewe hakuijua.

Jumamosi asubuhi alimvalisha vile vyekundu kwa mikono yake. Vilimkaa sawasawa. Tereza akasimama, kasuka nywele, kavaa kitenge kipya, akangoja neno. Maige alibaki amechuchumaa, akitazama visigino.

"Baba Kija," Tereza alisema, "mimi niko huku juu."

Maige alijua. Alitaka kuinua macho, na roho ilimuuma kwa kuwa hakuweza. Tereza akavivua, akaviweka mlangoni, akaenda harusini pekupeku.

Jioni madaktari walirudi. Maige aliwachemshia chai mwenyewe. Walipofika tena kwenye hoja ya damu ya ukoo, alichukua kitambaa na kuanza kufuta jasho la mkewe ndani ya viatu.