Hojaji Kumi za Kiema

Na ifahamike kwa wote, kuanzia mwalimu mkuu hadi paka wa jikoni, kwamba mwaka wa 1993 Kiema mwana wa Nzomo, wa Kidato cha Tatu, alibuni utafiti wa kisosholojia ambao ungeitikisa Kitui nzima. Uliitwa "Uchunguzi wa Kina Kuhusu Ukubwa wa Familia na Wingi wa Mifugo Miongoni mwa Akina Mama wa Soko la Kwa Vonza." Kichwa hicho kilimchukua siku nne. Utafiti wenyewe ulimchukua muda wa mandazi matatu.

Bidii hiyo yote ilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa chapati. Mwalimu Mutunga, aliyewafundisha elimu ya jamii, alikuwa ametangaza kwamba mwenye mpango bora wa utafiti angepanda gari la shule hadi Makindu, akauendeleze huko kwa wasafiri. Sasa, Makindu kuna hekalu la Masingasinga, na hekaluni humo kila mgeni hulishwa mpaka aseme basi. Kiema, ambaye tangu Januari alikuwa amekula muthokoi wa mahindi na maharagwe kila jioni pamoja na wadudu wake, aliisikia harufu ya chapati ikivuka mpaka wa wilaya.

Mpango ulitakiwa uwe na swali, hojaji, na jaribio. Yaani, kabla hujaiamini hojaji yako, uijaribu kwa watu kumi wa kweli. Jumamosi wakapewa ruhusa ya kwenda sokoni.

Ndila, ambaye kila mtu alijua ndiye wa kushindana naye, alizunguka juani na daftari akifukuzwa kutoka kibanda hadi kibanda. Kiema aliketi kwa Mama Kalondu wa mandazi, akatoa kalamu tatu za rangi tofauti, akajaza hojaji zote kumi, kila moja na jina la mama wake. Mama wa kwanza alimpa watoto saba na mbuzi kumi na wanne. Wa pili, watoto tisa. Wa tatu alimwonea huruma, akamwongezea pacha. Hojaji ya mwisho aliijaza kwa mkono wa kushoto, ili ionekane imeandikwa na mtu mwenye wasiwasi.

"Wewe una adabu," Mama Kalondu alimsifu akimwongezea chai. "Husumbui watu kama yule msichana."

"Utafiti ni utulivu, mama."

Ndila akapita, viatu vyekundu kwa vumbi. "Umepata wangapi?"

"Kumi. Na wewe?"

"Wanne, na hakuna aliyenijibu vizuri. Mmoja ameniuliza kama nimetumwa na chifu."

"Pole, dada. Si kila mtu ana kipaji."

Jumatatu, Mwalimu Mutunga alizisoma hojaji za Kiema mbele ya darasa, polepole, kama mtu anayetafuna nyama laini.

"Kazi safi," alisema. "Akina mama kumi, na kila mmoja ametaja watoto wake na mbuzi wake bila kusita. Ndila, mbona kwako nafasi hiyo ni tupu?"

"Walikataa, mwalimu. Mmoja alinisonya."

"Kiema, susu yako anaishi wapi?"

"Mutomo, mwalimu."

"Ana wajukuu wangapi?"

"Ai, mwalimu, sisi hatuhesabiwi. Hata nikihesabu mbuzi tu, susu hunifukuza na mwiko. Anasema nitawaletea mkosi..."

Hapo mdomo wa Kiema ukabaki wazi. Jambo hilo alilijua tangu akinyonya. Ila miaka mitatu ya bweni, kuhesabiwa gwarideni asubuhi na kuhesabiwa kitandani jioni, ilikuwa imemsahaulisha kwamba kuna watu wasiohesabiwa. Kicheko kilianzia dawati la nyuma kikaja mbele.

Mwalimu hakukasirika. Alikuwa anafurahia mno.

"Gari lina nafasi mbili," alisema. "Ya kwanza ni ya Ndila. Hojaji yake imekwama vizuri: imetuonyesha swali ambalo haliulizwi hivyo, na safari hii tutatafuta njia nyingine ya kuliuliza. Ya pili nampa Kiema, akiniambia ukweli wote, hapa hapa."

Kiema alisimama, akafunga kifungo cha shati. "Mwalimu, kwa heshima na taadhima..."

"Fupisha."

"Niliuliza mtu mmoja."

"Nani?"

"Mama Kalondu."

"Ulimuuliza nini?"

"Kama kuna chai."

Darasa likalala juu ya madawati. Mwalimu akainua karatasi ya juu. "Na huyu Syokau, mwenye watoto tisa?"

Kiema aliziona chapati, akaiona njia ya pekee ya kuzifikia.

"Ni mbuzi wa susu, mwalimu," alisema akiinamisha kichwa. "Wote kumi ni mbuzi wa susu. Na huyo Syokau hajazaa hata mmoja."