Shangazi Akarudisha Sifuri

Saa nne kasoro robo, Jumanne asubuhi, fundi wa kompyuta wa ofisi ya nyumba alifuta kioo kwa mkono wa sweta yake, akavuta kiti, akafungua orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa na watu mia tatu na arobaini wanaosubiri nyumba. Ya pili ilikuwa na watu kumi na sita waliopewa zile nyumba mpya kumi na sita nyuma ya ofisi, ambao walikuwa wanangoja funguo tu. Mkurugenzi alitaka waliopewa watolewe katika orodha ya wanaosubiri, na majina ya wanaobaki yabandikwe ubaoni.

Kutoa orodha ndani ya orodha si kazi. Kazi ni kuiambia kompyuta nani ni nani, maana majina hufanana na watu wakawa mbalimbali. Kama kipimo chake hukitaki, unaandika funksheni yako mwenyewe, yaani kipande cha programu cha kulinganisha, na kuipa jina, nayo kompyuta itaiita kila ikikutana na watu wawili. Majibu ni matatu tu. Hasi moja, huyu atangulie. Moja, huyu afuate. Sifuri, hawa ni mtu mmoja.

Fundi alimkumbuka shangazi yake, dada wa baba, aliyefua nguo za watu miaka thelathini bila kutia alama hata kwenye soksi. Mashati meupe mia, na kila shati lilirudi kwa mwenyewe. Basi aliiandika funksheni vile shangazi angetazama fomu: mtu anavyokunja karatasi, anavyokandamiza kalamu, anapofuta jasho. Akaipa jina la shangazi. Akabonyeza.

Programu ikaita shangazi, na shangazi akaja. Alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Aliingia kwa mlango wa mbele kama kila mtu, akajifuta miguu, akinukia sabuni na pasi ya moto.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Haya, leta hao watu."

Mama Chai alimletea kikombe. Mama huyu alikuwa amewapikia chai wafanyakazi wa ofisi hiyo kwa miaka kumi na mmoja, na miaka hiyohiyo alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Yeye na wanawe wanne walikaa chumba kimoja kinachovuja upande wa dirisha. Aliwahi kuhesabu nyumba mpya zinazogawiwa bila yeye, akaacha, akasema hesabu zinamkosesha usingizi.

Kompyuta ina desturi ya kuwapanga kwanza watu wa orodha moja wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo shangazi alianza na wale kumi na sita. Aliweka fomu ya kwanza kushoto, ya pili kulia, akapitisha kidole gumba.

"Sifuri."

Akavuta ya tatu. Sifuri. Ya nne, sifuri. Alipofika ya kumi na sita chai ilikuwa bado ya moto.

Fundi alijua kwamba funksheni inayorudisha sifuri kila mara ina kasoro. Akampa fomu za mapacha wanaosubiri, waliozaliwa wakipishana dakika nne na wanaotumia kalamu moja. Shangazi alisema hasi moja bila hata kuweka kikombe chini.

"Mimi sina kasoro, mwanangu. Hizi kumi na sita ni shati moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Na shati lenyewe lina tumbo."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Mtu mmoja anatoshwa na nyumba moja, kwa hiyo zilibaki kumi na tano, na wa kwanza kwenye foleni alikuwa amesimama pale na birika mkononi. Walitazamana. Mama Chai alimmiminia fundi chai ambayo hakuiomba.

Mkurugenzi aliiegemeza karatasi kwenye tumbo lake, akaisoma polepole, akikoroga chai yake ya vijiko vitatu vya sukari.

"Ni kweli," alisema. "Ni mimi. Shangazi yako ana jicho. Sasa mwambie alinganishe kwa namba ya nyumba. Na anayejirudia aandikwe mara moja tu, karatasi ni ghali."

"Lakini bosi, Mama Chai ndiye wa kwanza."

"Subira yavuta heri," alisema mkurugenzi.

"Na ngoja ngoja yaumiza matumbo," alijibu Mama Chai. Wakacheka wote wawili, na mkurugenzi akaomba kijiko cha nne.

Fundi alikasirika, tena sana, lakini mkataba wake ulikuwa wa mwezi kwa mwezi. Alibadilisha mstari mmoja. Shangazi akaja tena.

"Hiki ni kipimo cha kipofu," alilalamika, "lakini aliyeita ni wewe."

Kwa namba ya nyumba, wale kumi na sita walikuwa watu kumi na sita, kila mmoja na mlango wake. Na wale mia tatu na arobaini, ambao hawana namba yoyote, walirudisha sifuri kwa sifuri hadi mwisho. Walikuwa mtu mmoja. Ubaoni ikabandikwa karatasi fupi: anayesubiri ni mmoja. Chini yake liliandikwa jina la Mama Chai, kwa sababu ndiye aliyetangulia.

Ijumaa ilikuwa siku ya funguo. Walikuja wakurugenzi kumi na sita, wakiwa na kofia mbalimbali na tumbo lilelile, wakajipigia makofi na kupeana mikono. Mama Chai alitia vijiko arobaini na vinane vya sukari. Lalamiko lake lilikuwa moja tu, kwamba sukari imekwisha na mwezi bado mbichi.

"Hongera, mama," mkurugenzi mmojawapo alimwambia. "Sasa uko peke yako kwenye foleni."

"Ehee! Nani tena wa kunirukia?" alisema Mama Chai.

Programu haikumwita shangazi tena. Alikuja vilevile, kwa ajili ya chai, na siku hiyo kazi ilipokwisha alimsindikiza Mama Chai nyumbani wakitaniana njia nzima kuhusu lile tumbo. Hawajakaa vizuri, mvua ikaanza. Mama Chai alishika ncha moja ya godoro, shangazi akashika nyingine, wakalisogeza upande mkavu. Katika vyumba vingine mia tatu na thelathini na tisa vya wanaosubiri, godoro likasogea.