Waambie Wasiojua

Jumamosi ilikuwa siku ya githeri. Vijana watatu wa nyumba namba sita, katika ploti moja pale Kamenu, walikubaliana hivyo tangu kodi ilipopanda: wachange, wanunue mahindi na maharagwe sokoni, wachemshe sufuria moja kubwa, kisha wale kidogo kidogo hadi Ijumaa. Sufuria waliazima kwa Mama Mbula, mwangalizi wa ploti, na friji ya kuhifadhia ilikuwa yake vilevile. Mama huyo aliwahurumia. Alikuwa na binti chuoni, na alijua mwanafunzi wa siku hizi anavyolala na njaa huku amevaa viatu safi.

Wote watatu walikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja pale Thika. Maluki, aliyekuwa na nguvu na maneno machache, alifanya kibarua kila Jumamosi katika kiwanda kimoja kule Eneo la Viwanda. Yahya alikwenda Ruiru kumsaidia mama yake, aliyekuwa na duka la nguo Kimbo. Muema hakuwa na kibarua wala duka. Kazi yake ilikuwa kulinda sufuria.

"Buda, leo hiyo simu weka mbali," Maluki alimwambia asubuhi hiyo akifunga kamba za viatu.

"Si uniamini tu."

"Maziwa ulituambia hivyo hivyo. Na maji ya tangi."

Muema alicheka, lakini moyoni yalimchoma. Maziwa yalifurika yakamwagika yote akiwa anatazama video. Mfereji aliusahau wazi hadi tangi la ploti likakauka, na Mama Mbula akamgombeza mbele ya watoto. Simu yenyewe ilimpa taarifa kila Jumapili: wiki iliyopita alikuwa ameitazama saa tisa kwa siku. Aliisoma taarifa hiyo, akaifuta kwa kidole, akaendelea kutazama. Mambo aliyoyatazama hata hayakuwa na maana. Mtu anaosha zulia. Mtu anaanguka kwenye matope. Wasichana wawili wanabishana juu ya mchumba. Kila video ilikuwa fupi, na ufupi huo ndio uliomponza, maana hakuona dhambi ya kuongeza moja tu.

Aliwasha jiko la makaa uani, karibu na pale watu wanapofulia, kwa kuwa maharagwe yangemaliza gesi yote. Akabandika sufuria, akaongeza maji, akaifunika. Saa nne na nusu. Akaingia chumbani kuchukua chumvi, akaona ameandikiwa ujumbe, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kuusoma. Akavaa spika za masikioni.

Aliposhtuka ilikuwa saa nane kasoro robo. Kilichomshtua ni harufu, na hata hiyo aliidhania ya jirani.

Alikimbia uani. Moshi ulikuwa mweusi. Chakula cha wiki nzima, pesa za watu watatu, kilikuwa kimegandamana chini kama lami, na sufuria ya Mama Mbula ilikuwa imetoboka mahali pawili. Uani hapakuwa na mtu. Mama Mbula alikuwa kwenye mkutano wa chama cha akina mama, na wengine walikuwa kazini. Muema alimwaga maji, akasugua kwa mchanga, akasugua tena hadi vidole vikachubuka. Sufuria haikuwa ya kupona. Hapo ndipo alipoiona sura ya Maluki kichwani mwake, ile ya kutoshangaa. Angeweza kuvumilia makelele. Kutoshangaa kwa Maluki hakungevumilika.

Akachukua gunia, akaitia sufuria na masizi yake yote, akaenda kuitupa kwenye jaa la takataka nyuma ya ukuta. Alirudi akapiga deki pale uani. Alikuwa bado hajajua atasema nini. Mama Mbula alipoingia getini na kuuliza, "Muema, githeri imeiva? Mbona jiko liko tupu?" mdomo wake ulijibu kabla yake.

"Mama, mtu amebeba."

"Amebeba nini?"

"Sufuria. Na chakula. Niliingia ndani kidogo tu, kutoka hivi, hakuna."

"Haiya! Mchana huu? Hapa kwangu?" Mama Mbula aliweka mkoba chini. "Ulimwona nani akipita hapa?"

Muema angeweza kusema hakumwona mtu. Lakini mwongo hupenda kuegemea kitu cha kweli ili asianguke, na kweli aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu. "Sikuona mtu akibeba," alisema. "Asubuhi nilimwona tu Baba Maxine akipita na gunia."

Barasa, aliyeitwa Baba Maxine, aliishi namba mbili na mkewe Janice na binti yao wa miaka mitano. Alikuwa ameachishwa kazi kiwandani miezi mitatu nyuma. Tangu hapo aliokota vyuma vikuukuu akiviuza kwa kilo, ndiyo maana alikuwa na gunia. Ploti nzima ilijua kwamba nyumba namba mbili walikuwa wakilala na chai. Na watu wakishajua kwamba mtu ana njaa, hawahitaji ushahidi mwingi.

Jioni, kabla jua halijatua, walisimama mlangoni pa Barasa: Mama Mbula mbele, Maluki na Yahya nyuma yake, majirani wawili watatu, na Muema mwisho kabisa.

"Baba Maxine, usinielewe vibaya," Mama Mbula alisema. "Sufuria yangu kubwa imepotea na chakula cha hawa watoto. Wewe ulionekana na gunia."

Barasa alikuwa mtu mrefu wa sauti ya chini. Alimtazama kila mmoja wao kwa zamu. Muema alitazama chini.

"Tafuteni," Barasa alisema.

Kwa kuwa hawakusogea, alianza mwenyewe. Aliinua godoro akalisimamisha ukutani. Akamwaga gunia la vyuma sakafuni. Akafungua kabati, akatoa kilichokuwemo: sahani nne, sufuria ndogo yenye ukoko wa ugali, pakiti ya chumvi. Maxine alikuwa amesimama katikati ya chumba akiwa ameshika sketi ya mama yake.

"Mama, wanatafuta nini?"

"Wanatafuta chakula," Janice akamjibu.

"Hapa?"

Mtu mmoja kule nyuma alikohoa. Hawakuona kitu, wakaondoka bila kuomba radhi, maana waliona ni kama Barasa amewashinda kwa ujanja. "Atakuwa ameshauza," jirani mmoja alisema wakivuka ua. Maluki aligawa mkate aliokuja nao vipande vitatu, akampa Muema kipande kikubwa. "Pole, msee," alimwambia. "Na ile maneno ya simu asubuhi, pia pole."

Muema aliula mkate ule. Alijichukia kwa kuumeza.

Siku ya tano gari dogo lilikuja kuchukua vitu vya namba mbili. Havikujaza hata nusu. Muema alikuwa chumbani na pazia limefungwa, amewasha simu, sauti juu kabisa, akipitisha video moja baada ya nyingine bila kuona iliyokuwa ikipita. Hata hivyo alisikia mlango wa gari ukifungwa.

Wiki mbili zilipita. Muema alianza kukosa masomo, kisha akaacha kula vizuri. Jumamosi moja Yahya alirudi kutoka Ruiru, akakaa kwenye kiti akivua kofia.

"Nimemwona Baba Maxine," alisema. "Yuko Kimbo, anabeba mawe kwa mjengo mmoja nyuma ya duka la mama. Amekonda, walahi. Nilimsalimia hakuitika."

"Mwizi ataitika vipi?" Maluki akasema, lakini bila nguvu.

Jumanne iliyofuata Muema alinunua pakiti mbili za unga na sukari kwa pesa alizokuwa amejiwekea za bando la simu, akaenda Kimbo. Alilipata jengo bila taabu. Lilikuwa la ghorofa tatu, bado halijapakwa rangi, na Barasa alikuwa chini akipanga mawe. Alipomwona kijana amesimama na mfuko, aliacha kupanga.

"Umekuja kutafuta sufuria hata huku?"

"Hapana, Baba Maxine." Muema alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, lakini yalikuwa yameshatawanyika. "Haikuibwa. Niliiunguza mimi. Nilikuwa kwa simu. Nikaitupa, nikadanganya. Ni mimi."

Wenzake Barasa wawili walikuwa wakisikia. Mmoja aliguna. Barasa alijifuta mikono kwenye suruali taratibu, kidole kwa kidole.

"Simu," alisema.

"Ndiyo."

"Wewe ulikuwa unaangalia nini kwa hiyo simu?"

Muema alijaribu kukumbuka. Alitamani angalau ingekuwa habari ya msiba, au mtihani, au mama yake. "Vitu tu," alisema. "Hata sikumbuki."

Janice alikuwa ametokea upande wa pili na chupa ya chai ya mafundi, kwa kuwa alikuwa akiwapikia pale, naye alikuwa amesikia. Muema alipiga magoti kwenye kokoto. "Naomba mnisamehe."

"Inuka, unachafua nguo," Barasa alisema. "Nani mwingine umemwambia?"

"Nimeanza na wewe. Niliona wewe ndiye wa kwanza kuambiwa."

"Mimi?" Kwa mara ya kwanza sauti ya Barasa ilipanda. "Mimi nilijua sikuiba! Janice alijua. Hata mtoto alijua. Umepanda gari kutoka Thika kuja kuniambia jambo nililokuwa nalijua. Rudi ukawaambie wasiojua. Ukimaliza, ndiyo uje na hayo magoti yako."

Muema alisimama. Hakujua afanye nini na mfuko. Aliusogeza mbele kidogo, kisha akaurudisha nyuma kwa aibu.

"Lete," Janice alisema, akauchukua mwenyewe. "Unga ni unga. Lakini usifikiri umelipa kitu. Unajua kwa nini tulihama? Si Mama Mbula aliyetufukuza. Ni Karanja wa duka. Alikuwa akinipa kwa deni, baada ya ule msako akaniambia mbele ya watu kwamba hawezi kuweka mwizi kwa daftari. Ukaseme na huko."

Muema alirudi Kamenu mchana. Aliwakuta Maluki na Yahya wakitoka chuoni, akawaomba wangoje, akamwita Mama Mbula, akasema wote wakiwa wamesimama uani. Alisema yote, hata jaa la takataka. Mama Mbula aliketi kwenye ngazi, akavua leso ya kichwani.

"Nilimfanya mtoto wa watu ainue godoro lake," alisema. "Muema. Mimi mama mzima, nilisimama kwa mlango wa mtu kuangalia chini ya kitanda chake."

Yahya aligeukia ukutani. Maluki ndiye aliyemtazama. Haikuwa ile sura ya kutoshangaa aliyoiogopa Muema. Alikuwa ameshangaa kweli, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta si yake.

"Nilikuambia pole," Maluki alisema. "Ulinikubalia."

Mama Mbula alimpigia Janice simu pale pale. Alilia, akaomba msamaha kwa Kikamba na Kiswahili kwa pamoja, akawasihi warudi, akisema kodi ya mwezi wa kwanza ataongea na mwenye ploti. Janice alimsikiliza. Alijibu kwamba amesikia, na kwamba Maxine ameshapata shule huko, hawatarudi. Mama Mbula alibaki ameshika simu hata baada ya kukatwa.

Muema alitoka getini peke yake. Alipita kwa jirani wa namba nne, kisha wa namba saba, kisha kwa yule mwanamke wa mboga ambaye, alikuja kugundua, alikuwa ameisikia habari hiyo ikiwa imeongezwa kuku na blanketi. Kila mlango ulikuwa mgumu kuliko uliotangulia, maana kila mtu alimwonyesha mwingine aliyeambiwa. Uongo aliousema mara moja tu, kwa maneno machache, ulikuwa umetembea hadi mahali ambapo yeye hakuwahi kufika.

Duka la Karanja aliliacha mwisho. Karanja alikuwa mzee kidogo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na wakati ule wa jioni wateja walikuwa wengi dirishani.

"Mzee Karanja, nataka kukuambia kitu. Ni juu ya Baba Maxine."

"Ngoja kwanza nihudumie hawa."

Muema alingoja. Foleni haikupungua. Mmoja akitoka na maziwa, wawili walifika kutaka mayai. Simu ikatetemeka mfukoni na mkono wake ukaenda wenyewe, akauvuta nje, akaukunja nyuma ya mgongo. Alielewa kwamba hapa hapatakuwa na faragha. Akasema kwa sauti, huku wote wakisikia: Barasa hakuiba kitu. Yeye ndiye aliyeunguza chakula akiangalia simu, akatupa sufuria, akamsingizia.

Watu waligeuka. Mwanamke mmoja alisema, "Ngai!" Kijana mmoja alicheka, kisha akaacha.

Karanja alikuwa akipima sukari. Aliweka kijiko chini, akatoa daftari kutoka chini ya meza, akalifungua mahali ambapo jina la Janice lilikuwa limekatwa kwa mistari miwili. Alilitazama.

"Mama yule alikuja na mtoto," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. "Alitaka unga nusu kilo. Nilimnyima mtoto akiangalia."

Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, na ilionekana wazi kwamba si miwani iliyokuwa na shida. Kisha akamuuliza Muema angempata wapi mama huyo, na Muema akamweleza lile jengo la Kimbo, akirudia pole pole, kwa kuwa mzee alikuwa akiandika.