Tone la Maji Juu ya Kucha

Nyanjige, msusi wa Bariadi, mimba ya kwanza ilimtoka. Hii ya pili, sasa mwezi wa sita, aliilinda kama mtu aliyebeba mayai kwenye ungo. Kwa hiyo kucha zilipoanza kumkatika katikati ya kusuka, hofu yake haikuwa nywele za wateja. Kama mimi nabomoka hivi, alijiuliza, mtoto je?

Mteja mmoja akamwambia kuna vidonge vya amino asidi, vinajenga kucha. Haya, mbio hadi duka la dawa la Mama Benedikta, tena siku ya gulio, watu wamejaa.

"Mwangaluka, mama," alimsalimia Kisukuma. "Naomba vidonge vya amino asidi, vya kucha."

"Lete mkono kwanza, mayu."

Benedikta alizitazama kucha. Zilikuwa zimebonyea katikati. Akachovya kidole kwenye glasi yake ya maji, akadondosha tone moja juu ya kucha. Likatulia pale pale, wala halikumwagika! Akamfunua kope la chini. Ndani jeupe, halina wekundu wa damu.

"Sikuuzii."

"Mama, hela ninayo!"

"Baki nayo. Wewe umepungukiwa damu, na amino asidi haziongezi damu. Unakula udongo?"

"Mimi? Hata!"

"Futa mdomo basi."

Akafuta. Kiganja kikatoka na vumbi la kichuguu, watu wakaangua kicheko. Aibu ilimchoma. Lakini angejuaje? Mama yake aliula, bibi yake aliula. Kwao Lalago wajawazito wanautafuna kama karanga.

Hapo ndipo mwanamke yule alipomteka moyo. Alifunga duka, siku ya gulio jamani, wateja wananung'unika, akaita bajaji na kwenda naye mpaka hospitali. Damu ilisoma saba. Daktari alitaka angalau kumi na moja.

Akaandikiwa dawa za kuongeza damu, akaambiwa ale maharage na dagaa. Na udongo, ambao daktari alisema unazuia madini ya chuma yanayojenga damu? Kila Ijumaa Benedikta alipita pale saluni, anamtazama mdomo tu, anaondoka.

Mtoto alizaliwa asubuhi, mnene, kelele zake zikafika wodi ya pili. Benedikta alipompakata, kale katoto kakamkwaruza shavu mpaka akaruka.

"Yalaa! Huyu kucha anazo!"

Nyanjige, ambaye hata uchungu haukumliza, akaanza kulia.

"Muache, mama," alisema. "Muache akwaruze."